Hackintosh, Linux au macOS ndani ya mashine pepe: ipi inafaa kwa PC ya kujiundia?

mundaPC
Habari zenu wadau. Nina PC niliyoiunda mwenyewe, prosesa ni Core i5-10400, ramu GB 16, kadi ya grafiki GTX 1660, SSD ya NVMe, na Wi-Fi ya Intel. Kazi zangu ni mbili: kuediti video kwenye DaVinci Resolve, halafu nimeanza kujifunza kutengeneza app za iPhone, na huko lazima uwe na Xcode, programu ya Apple ya kuandikia app, ambayo nje ya macOS haipo. Nawaza nipige Hackintosh moja kwa moja, yaani macOS kwenye PC isiyo ya Apple, au niweke Linux halafu macOS iwe ndani yake kama mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta), au niachane kabisa na macOS. Waliopita njia hizi naomba mnifungue macho kabla sijafuta diski.

fundi_bodi
Mkuu prosesa yako iko poa kabisa, gen ya 10 ndo ya mwisho ambayo Apple wenyewe waliiweka kwenye iMac, kwahiyo SMBIOS, yaani aina ya Mac ambayo PC itajifanya, utachagua iMac20,1, na UHD 630, grafiki iliyomo ndani ya prosesa, inatambulika vizuri. Kizuizi ni hiyo GTX 1660. Draiva za Nvidia wenyewe ziliishia toleo la macOS High Sierra, na kadi za kizazi cha 1660 hazijawahi kuwa na draiva ya macOS hata siku moja, hakuna keksti (kiongezo cha draiva cha macOS) wala ujanja wa kuifufua, mtu akikwambia ipo anakupotezea muda. Utaizima kwa kuandika -wegnoegpu kwenye boot-args (maagizo ya kuwashia macOS), unachomeka skrini kwenye mazabodi, unatumia UHD 630 peke yake. Kwa Xcode inatosha, ila kwa Resolve utalia.

Ukitaka grafiki ya maana tafuta RX 580 au RX 6600, hizo macOS inazijua bila kubembeleza, ya 6600 kuanzia macOS Monterey 12.1. Kuwa makini na 6700 XT, jina linafanana lakini chipu yake haimo, na familia yote ya RX 7000 haimo.

Zuhura_beats
Mimi natumia Hackintosh kwa muziki na naipenda sana, tena ni mashine ninayoitegemea kila siku. Siri yake ni kutulia. Tengeneza EFI yako mwenyewe (folda ya mafaili ya kuwashia macOS) kwa kufuata mwongozo wa Dortania wa mtandaoni mstari kwa mstari, weka OpenCore ambayo ndo kiwashio, na keksti za Lilu, VirtualSMC, WhateverGreen ya grafiki na AppleALC ya sauti, basi, usijaze makeksti usiyoyajua kazi yake. Usichukue EFI ya mtu mwingine eti mazabodi zenu zinafanana, utabeba namba zake za siriali na mipangilio ya BIOS yake, mwisho iMessage haifunguki na hujui uanzie wapi.

Kitu watu wanakipuuza ni kupanga USB. macOS inakubali poti 15 tu kwa kila kontrola, na tundu moja la USB 3 linahesabika kama poti mbili, kwahiyo zinajaa haraka sana. Usipozipanga, kompyuta inagoma kulala au inaamka yenyewe, Bluetooth inapotea, na mtu anaanza kulaumu prosesa. Ipo USBToolBox, unaiendesha kwenye Windows kabla hujaanza kuinstol.

penguini77
Dada Zuhura yuko sahihi kwa upande wake, ila mundaPC anaanza leo, na leo lazima tuseme ukweli kuhusu umri wa hii njia. Apple walianza kuhamia chipu zao 2020, na 2025 wakatangaza kwamba Tahoe, yaani macOS 26, ndo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Baada ya hapo hamna kitu cha kuinstol kwenye PC zetu. Na hiyo Tahoe yenyewe wameondoa AppleHDA, draiva ya sauti ya Apple, ndo maana watu wengi wakiapgredi sauti inakata, AppleALC haina cha kushika. Ukienda, baki Sequoia, toleo la kabla ya Tahoe, Xcode 26 ilipotoka ilikubali kuanzia Sequoia 15.6.

Kwa video mimi nakuvutia Linux, na hapo hiyo GTX unayoambiwa haifai ndo inageuka kuwa lulu, maana Resolve kwenye Linux inaelewana na Nvidia kuliko AMD. Weka draiva rasmi ya Nvidia. Ila ujue toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, miundo ya video ya simu nyingi, na sauti ya muundo wa AAC nayo imekuwa ikisumbua, kwahiyo klipu za simu unazigeuza kwanza:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le klipu.mov

Faili litavimba sana, andaa diski.

mundaPC
Asante @penguini77. Sasa si naweza kuweka Linux kwa ajili ya Resolve, halafu macOS kwenye QEMU, programu ya mashine pepe, kwa ajili ya Xcode? Naona kama inamaliza yote mawili.

penguini77
Inawezekana, na KVM, sehemu ya Linux inayoharakisha mashine pepe, inaenda vizuri upande wa prosesa. Tatizo ni grafiki, ndani ya mashine pepe macOS haipati msaada wowote wa kadi, madirisha yanaburuza na simuleta ya iPhone inachosha. Suluhisho ni kuipitishia kadi halisi, lakini GTX hata ukiipitisha macOS haiijui, bado utahitaji AMD. Na ramu GB 16 ukigawa pande mbili zote zitalalamika. Kujifunza Swift na kukompaili utaweza, kukaa hapo kutwa nzima sikushauri.

kitasa_wazi
Naongeza moja hamjaligusa. Mkataba wa Apple unaruhusu macOS kwenye kompyuta zenye nembo yao tu, na mashine pepe haikutoi kwenye hilo. Psystar walikuwa wanauza PC zenye macOS, Apple wakawashtaki 2008 na mahakama ya Marekani ikawapa Apple haki 2009. Kujifunzia nyumbani ni uamuzi wako, ila app ya mteja mimi siwezi kuiweka juu ya msingi huo. Mac mini ya M1 iliyotumika, hata yenye GB 8, inaendesha Xcode bila keksti hata moja, na PC yako ibaki ya video.

Zuhura_beats
Hapo kwa app za biashara nakubaliana na @kitasa_wazi. Kwa kujifunza bado nasema Hackintosh ya UHD 630 inamshinda QEMU mbali sana. Wi-Fi ya Intel itashika kwa keksti ya itlwm, AirDrop tu ndo usahau.

mundaPC
Basi nimeelewa. Linux na GTX kwa video, Sequoia kwenye SSD ya pili kwa kujifunzia Xcode, nikianza kupata kazi ya mteja natafuta Mac mini. Sijui kama EFI mbili zitagombana?

fundi_bodi
Hazigombani kama kila SSD ina EFI yake. Wakati wa kuinstol macOS chomoa ile ya Linux kabisa, usiyaamini macho yako kwenye Disk Utility, programu ya macOS ya kufuta na kupanga diski. Kwenye BIOS zima Secure Boot na CFG Lock, ulinzi wa kuwashia na kufuli la prosesa vinavyoizuia macOS kuwaka. Ukimaliza rudisha SSD, kuchagua mfumo fanya kwa menyu ya buti ya BIOS, usiipitishe Linux kwenye OpenCore. Na skrini yako iwe na nyaya mbili, mmoja kwenye GTX mwingine kwenye mazabodi, halafu kwenye BIOS ruhusu grafiki ya ndani iwake hata kama kadi ipo, bodi nyingi huizima zenyewe zikiona kadi.