Herufi kwenye muziki wa luti, nazipigaje kwa gitaa?

gitaa_majengo (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Mi napiga gitaa kwaya hapa Moshi, juzi nimepata kopi ya ngoma ya wachawi toka kitabu cha luti (ala ya zamani ya nyuzi, kama gitaa) cha Robert Dowland cha 1610, ni ya maski, yale maigizo ya dansi na vinyago ya ikulu ya Uingereza. Sasa badala ya nota kuna mistari sita na herufi a, b, c, d, nimepiga a kama nota A, b kama B, inatoka kelele tupu. Naipenda sana hii kitu, anayejua anisaidie jamani

fundi_kijenge (Arusha)
Pole mkuu. Hizo sio nota, zinakuonyesha kidole kikae wapi. a ni uzi mtupu, b freti ya kwanza (vile vyuma vya shingoni), c ya pili, hivyo hivyo, ila j hamna, baada ya i inakuja k. Mstari wa juu ndo uzi mwembamba. Shusha uzi wa tatu toka G mpaka F shapu, bila hivyo hata upige mwaka mzima haikai. Ukitaka sauti ya luti yenyewe weka kapo (kile kibano cha kubana nyuzi zote) freti ya tatu. Herufi za chini ya mistari ni besi za ziada, gitaa halina, zipige oktavu ya juu

bibi_udi (Arusha)
Mwanangu angalia na vialama vya mapigo juu ya mistari, kimoja kinashika mpaka kitokee kingine, wengi wanapotea hapo. Nukta chini ya herufi ni kidole cha shahada, pasipo nukta ni gumba, gumba zito kidole chepesi, ndo dansi inapotokea. Mi nilianzia udi wa taarab, ndo mzazi wa luti, na mkono wa kulia ndo kila kitu kote kote. Alafu hiyo ngoma usiilainishe, ilichezwa ikulu ya Whitehall Februari 1609, Ben Jonson aliyeitunga hiyo maski kaandika muziki ulianza ghafla, wachawi wakacheza mgongo kwa mgongo wakizunguka kushoto, ndo malkia Anne na wenzake wakaja baadaye, kwa hiyo mapigo yakibadilika yaache yashtue

fundi_kijenge
Kweli bibi. Na usijilazimishe kupiga kwa nguvu, luti ina sauti ndogo, ndo maana 1611 kwa dansi ya Henry, mwana wa mfalme, zilikusanywa luti 20

gitaa_majengo
Nimeshusha uzi wa tatu IMETOKA!! Shikamoo bibi, asante fundi. Gumba linanichanganya bado, kesho nadili na mstari wa kwanza tu