Mmea wa maua usioujua umejiotea na unasambaa, mliutambuaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Kuna mmea umejiotea pembeni ya uwanja wangu, hakuna aliyeupanda, unanifika kiunoni, maua meupe madogo madogo, majani yamechanika kama ya karoti. Ulianza mche mmoja sasa umetanda upande wote na nyasi pale hazioti tena. Nataka niujue kabla sijaugusa. Mliokutana na mmea mgeni mlianzia wapi?

*

Mkuu usiung'oe mikono mitupu! Kwa maelezo hayo nahisi ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus, asili yake Amerika ya kitropiki. Mimi ulinitoa vipele mikononi hadi shingoni, na mwenye pumu akiwa karibu ukiwa umechanua anabanwa kweli. Angalia shina kama lina mistari ya urefu na vinyweleo, na kila kiua kama kina kona tano. Ukiwa ndo wenyewe vaa glavu, ziba pua, ng'oa na mzizi ardhi ikiwa mbichi na KABLA haujachanua, mmea mmoja unatoa mbegu zaidi ya 10,000.

*

Jamani tusikimbilie jina, ua peke yake linadanganya. Mimi nilikuwa na kichaka, kichwa kimoja cha maua kina njano na pinki pamoja, programu ya simu kila nikipiga picha inanipa jina jingine. Kilichonisaidia ni kukishika: shina lina pembe nne, majani yamekaa mawili mawili yanatazamana, yanakwaruza, ukiyafikicha harufu kali, vitunda vya kijani vikiiva vinakuwa vyeusi. Lantana camara hiyo, watu waliisambaza duniani kama pambo, ndege wakala vitunda wakazidondosha mbegu kila mahali, na ng'ombe akila majani ini linaharibika ngozi inachubuka juani. Kwa hiyo mkuu piga picha mmea mzima, shina, jani juu na chini, ua kwa karibu, weka na rula pembeni, mpelekee mtu aliyesomea mimea.

*

Wangu ulikuwa wa bwawani, ua la zambarau zuri mno, petali ya juu ina doa la njano, vikonyo vimevimba ndo maana unaelea. Gugu maji. Niliutoa wote nikauanika nchi kavu mbali na maji mpaka ukakauka kabisa, maana kipande kikiangukia mtoni kinaanza upya huko.