Naomba ushauri: jalada la kitabu cha kushona nyumbani, likizo ya Juni

Habari zenu wadau wa Dodoma. Watoto wa miaka 6 na 11 wanataka kushona kitabu likizo hii, waandike humo hadithi za bibi, za Kigogo na za Kiswahili, wakati wa kumenya karanga jioni. Karatasi 8 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32; ukizidisha, mgongo unavimba na kurasa za kati zinachomoza. Matundu 5 yanatosha, uzi uanzie tundu la kati na ufungwe hapohapo.

Tatizo ni jalada la boksi. Gundi ni unga wa ngano, kijiko 1 kwa vijiko 5 vya maji, inapikwa hadi iwe nzito. Ila huu upepo mkavu wa Juni unakausha upande uliopakwa upesi mno, boksi linajikunja kama ganda la mti. Kulilaza chini ya tofali usiku kucha kunasaidia kidogo.

Je, nikibandika karatasi upande wa ndani pia, litavutwa sawasawa? Mende wanaotafuna gundi mnawazuiaje? Na huyu wa miaka 6, achore tu, dada yake aandike? Mimi naona sawa, mradi majina yote mawili yakae kwenye jalada.