Lupu inaachana na ngoma, na sauti zinavurugika zikiongezwa

Kamba6:
Wakuu, hapa kuna pedali ya lupu (kifaa cha kukanyaga kinachorekodi kipande cha muziki na kukirudia) ya swichi moja, gitaa, maiki, na mashine ya ngoma kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika. Lupu ya gitaa huanza sawa na ngoma, lakini ikifika mzunguko wa saba imeshaachana nayo. Halafu nikiongeza sauti ya tatu au ya nne, zote zinavurugika na spika inapiga mluzi. Nirekebishe nini kwanza?

fundi_mikisa:
Anza na urefu wa lupu. Kwa kasi ya 100, pigo moja ni milisekunde 600, kwa hiyo mapigo 16 ni sekunde 9.6 kamili. Ukichelewa kukanyaga kwa milisekunde 40 tu, lupu inakuwa sekunde 9.64. Mzunguko wa kwanza hutagundua kitu. Lakini ngoma haikusubiri, na kila mzunguko unaongeza 40 nyingine. Baada ya mizunguko saba ni 280, karibu nusu ya pigo. Hapo hata asiyejua muziki anasikia.

Kama pedali ina tundu la MIDI (njia ya vifaa vya muziki kutumiana amri), iunganishe na mashine ya ngoma kisha washa mpangilio wa kufuata saa ya nje. Saa ya MIDI hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na pedali nyingi zenye mpangilio huo zitafunga lupu zenyewe mahali pake. Kama haina, pitisha ngoma ndani ya pedali iwe tabaka la kwanza, yaani sauti ya kwanza kurekodiwa kwenye lupu, kisha zima mashine. Tangu hapo ngoma na gitaa vina urefu mmoja, haviwezi kuachana.

Na mguu: kanyaga kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Wengi hukanyaga mara tu noti ya mwisho inapoisha, na lupu inatoka fupi. Hesabu "…15, 16, MOJA", mguu ushuke na hiyo moja. Angalia pia kitabu cha pedali, kwa sababu kuna zinazopokea amri mguu unaposhuka na nyingine unapoinuka.

sauti_ya_nne:
Mluzi unatokana na maiki kusikia spika. Unaporekodi tabaka la tatu, maiki inachukua sauti yako pamoja na nakala ya matabaka mawili yanayotoka spikani, na kila mzunguko nakala hizo zinalimbikizana. Vaa vipokea sauti vya masikioni, ndiyo dawa ya uhakika. Ukilazimika kutumia spika ya jukwaani, na maiki yako ni ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele), weka spika nyuma kabisa ya maiki, maana huko ndiko isikosikia vizuri. Maiki ya superkadioidi (inayosikia mbele kwa wembamba zaidi) husikia kidogo kwa nyuma, kwa hiyo spika ikae nyuma kwa pembeni.

Kuhusu vurugu, kata besi chini ya hezi 120 hivi kwenye sauti zote isipokuwa ile ya chini kabisa. Matabaka manne yenye nguvu sawa yanapandisha jumla kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo shusha kidogo sauti ya lupu ili ya moja kwa moja isifunikwe. Maiki nayo ipite kwenye mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) kwanza. Ukiichomeka kwenye tundu la gitaa ishara inakuwa dhaifu, utaipandisha, na mvumo utapanda nayo.

Kamba6:
Asanteni sana. Na mwangwi wa riveba kukatika ghafla lupu inaporudi mwanzo?

fundi_mikisa:
Weka riveba baada ya lupu. Ukiitaka ndani ya rekodi, usifunge moja kwa moja: ingia kwenye kuongeza tabaka, nyamazisha kamba, acha mwangwi ufifie juu ya mwanzo wa lupu, ndipo utoke. Distosheni (athari ya kuikwaruza sauti ya gitaa) ni kinyume chake, ikae kabla ya lupu. Ikiwa baada yake, matabaka yote yanakandamizwa pamoja na hutatofautisha gitaa moja na jingine. Kama distosheni inatoka kwenye priampu (hatua ya kwanza ya kukuza ishara) ya amplifaya, tumia matundu ya nyuma ya kutuma na kurudisha ishara, pedali ikae hapo.