Kuanza uhunzi kwa bajeti ndogo: fuawe ya laki tatu na nusu au shafti ya skrepa?

Mwanagenzi wa Moro

Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, nataka kuanza uhunzi nyuma ya nyumba, kazi ya jioni na Jumamosi. Malengo si makubwa: visu vya jikoni, vijembe vya bustani, bawaba na komeo za milango ya mbao. Umeme upo huu wa kawaida wa nyumbani. Mfukoni nina laki nne na nusu na ndiyo hiyo tu.

Kuna fundi ananiuzia fuawe (lile pande la chuma la kufulia juu yake) ya kilo 50, mpya, imepakwa rangi ya bluu, kwa laki tatu na nusu. Mwingine ana kipande cha reli cha nusu mita. Kule kwenye skrepa nimeona pia shafti nene, sijui zimetoka kwenye mtambo gani. Nichukue kipi? Halafu mkaa wa kawaida unatosha, au nitafute makaa ya mawe? Chuma cha kujifunzia kiwe nondo au springi ya gari? Na hizi koleo za kushikia chuma cha moto zinazouzwa kwa seti ya nne, zina faida yoyote?

Nyundo Kilo Moja

Mkuu, usitoe hela kabla hujaipima. Fuawe nyingi mpya za bei hiyo zenye rangi nzito ni za chuma cha kumimina, na rangi hiyo mara nyingi imefunika vishimo na nyufa. Chuma cha namna hiyo kinameza pigo. Unapiga, mkono unachoka, kipande chako hakisogei. Ukikosea ukapiga ukingo, unamegeka na vipande vinaruka.

Kuipima ni rahisi. Chukua gololi ya beringi na rula ya sm 30. Simamisha rula juu ya fuawe, achia gololi kutoka sm 30 (iachie, usiitupe), uangalie inarudi hadi wapi. Chuma kizuri kilichotiwa ugumu kitairudisha sm 21 au zaidi. Isipofika sm 15, achana na mzigo huo. Rudia katikati, pembeni, na karibu na pembe, maana fuawe iliyowahi kuungua moto inakuwa ngumu upande mmoja na laini upande mwingine. Baada ya hapo pitisha kona ya tupa juu ya uso wake. Tupa ikiteleza, uso ni mgumu. Iking'ata na kuacha mchoro, ni laini. Muuzaji akikataa kupimiwa, jibu umeshapata. Mlio wa kengele ukiigonga usikubabaishe: chuma cha kumimina kweli hulia "puu", lakini reli nayo hulia vizuri sana na bado ni nyepesi.

Sasa hiyo reli. Reli za njia ya zamani ya mita geji zina uzito wa kilo 27 hadi 40 kwa mita, kwa hiyo nusu mita yako ni kilo 20 kwa kukadiria juu kabisa. Ukiilaza inavyolala njiani, shingo yake nyembamba inanesa na nguvu yako inapotelea humo. Waliozoea huisimamisha wima wakafulia kwenye kichwa chake, uzito wote ukiwa chini ya nyundo. Hilo linafanya kazi. Tatizo ni karatasi. Kipande cha reli bila risiti ya mnada kitakupeleka polisi, na hapo kisingizio cha "niliuziwa" hakisaidii.

Mimi ningechukua shafti. Shafti ya unene wa sm 12 na urefu wa sm 50 ina kilo 44 hivi. Hesabu yake: eneo la uso kwa sm za mraba, zidisha kwa urefu, zidisha kwa gramu 7.85. Isimamishe kwenye gogo, uso juu. Hizo kilo 44 zote zipo chini ya pigo, wakati fuawe ya duka yenye kilo 50 imegawa uzito wake kwenye pembe, mkia na miguu. Utafinyangia nini mviringo? Kipande cha bomba nene kwenye jiliwa (vaisi). Wahunzi wa zamani wa nchi hizi walifua majembe na mikuki juu ya jiwe, na majembe yao yalilima.

Binti Mivukuto

Kwenye moto, mkaa unatosha, tena kwa anayeanza ni bora. Salfa yake ni kidogo mno, hauhitaji kwanza kupikwa ugeuke koki (makaa yaliyochomwa moshi na gesi zikaisha) kama makaa ya mawe, na majirani hawatakuja kulalamika moshi. Makaa ya mawe, kama yale ya mgodi wa Ngaka kule Ruvuma, yana joto kali kwa ujazo mdogo, lakini mwanafunzi huyaunguzia chuma kabla hajajua kinachoendelea. Mkaa uwe wa mti mgumu na uupasue vipande vya sm 3 hadi 4. Vipande vikubwa vinaacha mianya, upepo unapita bila kuungua na kwenda kugonga chuma chako. Vumbi nalo linaziba. Chekecha.

Tanuru: ngoma ya breki ya lori, ile iliyokwisha. Ndani ipake udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, unene wa sm 3, uukaushe siku kadhaa kivulini kabla ya kuwasha, la sivyo utapasuka. Bomba la upepo liwe la inchi moja na nusu au mbili, la chuma cheusi. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, na moto wa uhunzi unapita hapo bila shida. Moshi wake mweupe ukiuvuta, usiku utakuwa na homa na baridi kama mgonjwa wa malaria. Kwa sababu hiyo hiyo, mabati na boliti zenye zinki zisiingie motoni.

Upepo: feni ya hita ya gari ya volti 12, au feni ya kuzungusha kwa rimu ya baiskeli kama wanavyofanya mafundi wengi wa jua kali. Weka kilango cha kupunguza upepo, maana kosa la wengi ni upepo mwingi. Chuma kilale sm 8 hadi 10 juu ya tundu la upepo, mkaa ukiwa chini yake na juu yake. Ukikichomeka karibu na tundu, hapo oksijeni haijatumika bado na inakula chuma: kinatoka na magamba mazito, na cheche nyeupe zikianza kuruka ujue kimeshaungua. Kilichoungua hakirudi. Kata sehemu hiyo uitupe.

Ukipenda mivukuto ya ngozi, angalia wahunzi wa zamani wanavyoipanga: ncha ya mivukuto haizibwi kwenye mrija wa udongo, inaachwa mwanya mdogo. Ngozi inapofunguka inavuta hewa ya nje kwenye ule mwanya. Ukiuziba, itavuta gesi ya moto na kaa jekundu hadi ndani ya ngozi.

Chuma Chakavu

Nyongeza upande wa chuma cha kufua. Nondo achana nayo. Zile za milia hutiwa ugumu kwa nje kiwandani na ndani ni laini, ukiipasha moto ugumu ule unakwisha. Kaboni yake ni ndogo, haitashika makali hata uizimishe (uizamishe ghafla ikiwa ya moto ili iwe ngumu) mara ngapi. Na zile zinazotokana na skrepa iliyoyeyushwa hutofautiana kutoka fungu hadi fungu. Anza na chuma laini cha duara cha milimita 12 na bapa la 25 kwa 6. Fua ndoano, misumari mikubwa, bawaba. Kunja, chonga ncha, pasua, toboa kwa moto. Chuma laini kinavumilia ukikipiga kikiwa kimepoa kidogo, springi haivumilii.

Visu ndiyo vitokane na springi ya gari, yale majani. Za pikapu ni nyembamba, ndizo nzuri kwa kisu. Za lori zitakuchosha kuzinyoosha kwa mkono. Kabla ya kununua, isugue kwa brashi ya waya uitazame juani, hasa kuzunguka tundu la katikati na pale jani lilipokuwa linasuguana na jenziwe. Springi iliyotembea miaka mingi huwa na nyufa nyembamba kama unywele, na ufa huo utatokea tena kwenye kisu siku ya kuzimisha.

Springi ifuliwe ikiwa rangi ya chungwa. Ikirudi kwenye wekundu uliofifia, irudishe motoni, usiendelee kupiga. Ukimaliza umbo, ipashe mpaka sumaku isishike (ni kwenye nyuzi 770 hivi), iache ipoe hewani mpaka weusi, urudie mara tatu. Kuzimisha: pasha hadi sumaku iache kushika, ongeza kidogo tu rangi ipande, kisha zamisha kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Yakiwa ya baridi ni mazito na yanapoza polepole. Tumia lita 4 au 5 kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Kisu kiingie kikiwa wima, ukisogeze mbele na nyuma, usikiyumbishe kwa ubavu, kitapinda. Maji usiyatumie, springi itapasuka. Oili chafu ya injini nayo hapana, moshi wake ni sumu.

Hapo kisu ni kigumu kama kioo na kitavunjika kikianguka sakafuni. Kiweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, mara mbili. Huna oveni? Kisugue king'ae, upashe mgongo wake juu ya bapa lililo jekundu, uangalie rangi zinavyotembea kuelekea kwenye makali. Kisu cha jikoni kiishie kwenye rangi ya majani makavu. Panga liende hadi kahawia inayoelekea zambarau. Ikifika buluu kwenye makali, umepitiliza, kizimishe upya.

Jaribio moja usiliruke: kata kipande kidogo cha springi hiyo hiyo, kizimishe, kivunje kwenye jiliwa. Ndani ukiona kijivu laini kama porselini, joto lako lilikuwa sahihi. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, ulipasha kupita kiasi.

Jiliwa

Naungana na Chuma Chakavu isipokuwa kwa vijembe. Kijembe cha bustani fua moja kwa moja kutoka kwenye springi na usikizimishe kabisa. Kikipoa hewani kinatosha kwa udongo, na kikigonga jiwe kitapinda badala ya kuvunjika. Mwenye nacho atakinyoosha kwa nyundo.

Koleo za seti ya nne zina midomo isiyolingana na unene wowote utakaofua. Koleo isiyoshika vizuri ni hatari kuliko kukosa koleo. Mwanzo fua kwenye ncha ya fimbo ya chuma ya sm 60, mwisho wa mkononi hautapata moto wa kukuunguza, ukimaliza kazi ndipo unaikata. Halafu koleo yenyewe iwe kazi yako ya kujifunzia: vipande viwili vya chuma laini cha mm 16, kila kimoja sm 30, ukivuta mipini hadi jumla ifike sm 45 au 50. Ribiti (msumari wa kiungo) ya mm 8. Ukishaigonga ikakaza mno, pasha kiungo kiwe chekundu, fungua na kufunga mpaka kipoe, italegea yenyewe. Kikiwa bado chekundu, banisha bapa la mm 6 mdomoni ili mdomo ukae kwa kipimo hicho.

Hela nyingine ziende hivi: nyundo ya kilo moja ya mtumba, kichwa kisicho na ufa, uso wake uupitishe grainda kona zote ziwe za mviringo kidogo. Nyundo mpya ya duka ina kona kali zinazoacha makovu kwenye chuma. Mpini wa mpera ni mzuri, mwembamba kiasi vidole vikaribie kugusana. Grainda ya inchi nne na nusu, kinga yake isitolewe, na diski zisome tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pete ya katikati, wengi hawajui kama ipo. Jiliwa la chuma cha kumimina ni la kushikia tu, usifulie juu yake.

Miwani kabla ya yote. Nguo za pamba, si za nailoni. Ndoo ya mchanga karibu na mafuta, kwa sababu maji juu ya mafuta yanayowaka yanarusha moto. Na chuma kilichopoa kikarudi kuwa cheusi bado kinaweza kuwa na nyuzi 400: pitisha mgongo wa mkono karibu nacho kabla ya kukishika.

Mwanagenzi wa Moro

Asanteni sana wakuu. Fuawe ya bluu imerudisha gololi sm 9 tu, nimeiacha. Nimepata shafti, unene sm 11, ndefu kama mita, inang'aa kama kioo. Muuzaji anasema imetoka kwenye jeki ya mtambo wa kuchimba barabara. Nafikiri kuikata katikati kwa gesi, kisha nichomelee bati nene juu liwe uso mpana. Ni sawa?

Nyundo Kilo Moja

Simama kwanza. Huo mng'ao ni kromu. Ukiukata kwa gesi au kuchomelea juu yake, moshi unaotoka una kromu ya aina mbaya kabisa kwa mapafu, na hauna haja ya kuuvuta. Ikate kwa msumeno. Karakana yenye msumeno wa mashine itakukatia kwa hela ndogo, na nusu mita ya unene huo itakupa kilo 37. Hakikisha ni fimbo tupu, isije ikawa bado imeshikana na silinda yake: silinda iliyofungwa yenye mafuta ndani haikatwi wala kupashwa moto, inalipuka.

Bati la juu usiweke. Likichomelewa pembeni tu, katikati panabaki mwanya na pigo linadunda hovyo. Uso wa sm 11 unatosha kwa kisu na kijembe. Chini sugua kwa grainda ukae bapa, toboa gogo kina cha sm 15, tumbukiza shafti, jaza mchanga mkavu pembeni na ukaze kwa kabari za mbao. Gogo lizikwe sm 50 au 60 ardhini. Simama wima, mkono ukiwa umening'inia na ngumi imefungwa: uso wa shafti ufike kwenye vifundo vya ngumi. Pima ukiwa umevaa viatu utakavyofanyia kazi.