Naomba ushauri: bunduki ya plazma inawezekana kweli?

Wakuu, shikamooni. Mwanangu wa kidato cha nne ana mdahalo na kapangiwa upande wa "inawezekana". Mimi fundi umeme tu, nimekwama.

Plazma naielewa: gesi iliyopata joto hadi elektroni zikaachana na atomi, kama kwenye radi. Tatizo, ukiirusha hewani inatanuka na kupoa palepale. Miaka ya 1990 Wamarekani walikuwa na mradi wa MARAUDER huko Kirtland, New Mexico, wakitumia mtambo wa Shiva Star (wa kuhifadhi umeme mwingi na kuuachia kwa mpigo mmoja) kurusha pete za plazma zilizoshikwa na sumaku. Mtambo wenyewe ulijaza ukumbi, sasa bunduki ya begani itachomekwa wapi?

Wataalamu wa fizikia, nimpe hoja gani ya kutetea? Au ajifiche kwenye leza?