Mboga za bustani zinanishinda na baridi inakuja: nikaushe, nigandishe au nitie kwenye chupa?

MamaKunde, Minneapolis
Habari zenu wadau. Naombeni msaada, muda umenibana. Kibustani changu kimezaa kupita nilivyotegemea: sukuma wiki, mchicha, nyanya, na kunde niliyoipanda kwa ajili ya majani tu. Huku Minnesota umande wa barafu unaweza kushuka mwanzoni mwa Oktoba, na usiku mmoja unatosha. Mwaka jana niliamka nikakuta mchicha wote umelala chini, mweusi kama umemwagiwa maji ya moto. Nililia.

Bibi yangu Shinyanga alikuwa akianika majani ya kunde, tunakula nsansa kiangazi chote. Nimejaribu kuanika kibarazani, siku ya tatu yakaota ukungu. Sasa nafikiria kuchemsha mboga nizifunge kwenye chupa za jamu.

Nyanyachungu
Dada, pole. Ila hiyo ya chupa tafadhali usiifanye. Majani hayana uchachu, na bakteria wa botulizimu wana mbegu zisizokufa kwenye maji yanayochemka. Ukizifungia pasipo hewa zinaamka na kutoa sumu, na chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika rangi. Wanaosindika majani hutumia sufuria maalumu ya presha inayofika nyuzi 116. Nyanya zinakubali maji ya kuchemka, lakini hata hizo tia vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani kwa kila chupa ya karibu lita moja.

Sukuma peleka friza. Katakata, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 3 (mchicha na kunde 2), halafu papo hapo kwenye maji ya barafu. Kamua, funga mafungu ya mlo mmoja mmoja.

Msukuma wa Mbali
Nsansa usiiache, dada! Majani hayakuwa na kosa, hewa ya huko ndiyo nzito. Oveni nyuzi 60 hivi, mlango wazi kidogo, tandaza tabaka moja mpaka yavunjike ukiyafinya. Mama yangu huanika kivulini. Bwana shamba alimweleza kuwa jua kali linakula vitamini A.

MamaKunde
Mungu awabariki. Ndiyo natoka jikoni. Mifuko 14 ya sukuma iko friza. Kapu zima la kunde limekauka likaingia chupa moja na nusu, na nilipofungua kifuniko, harufu ilikuwa ile ile ya jikoni kwa bibi. Kiganja kimoja nimekitenga, Jumapili nakipika na karanga.

Na nyanya ambazo bado za kijani, ndoo nzima?

Nyanyachungu
Chuma zote kabla ya usiku wa baridi. Zipange kwenye boksi lenye magazeti, zisigusane, ndani ya nyumba. Kagua kila baada ya siku mbili, inayoanza kuoza itoe haraka.